Unifikirie Upande wa Taa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametangaza kwenye chai ya asubuhi. Wakwe watarajiwa wanakuja Jumamosi jioni kujitambulisha. Sebule haiwatoshi, na yeye hawezi kuwaketisha uwani kwetu wapapasane gizani. Basi Mkaguzi, jirani yetu mstaafu, amejitolea uwanja wake. Una taa kubwa ukutani, viti vya bustani, na nyasi zilizokatwa utadhani kapimia rula.

Kwa Mkaguzi! Binti yangu wa mwisho aje kuposwa kwa Mkaguzi!

Nimetandika mkeka uwani, nikajilaza, nikawaza. Kitinda (ndivyo ninavyomwita kitindamimba wangu) alipokuwa mdogo aliogopa sana giza la kutoka mlango wa jikoni mpaka getini. Nilikuwa nasimama getini naimba. Naye anaufuata wimbo, polepole, mpaka anikumbatie mguu. Njia hiyo hiyo ndiyo ninayotaka apite Jumamosi, kwenye uwanja wa baba yake. Nataka hilo kuliko kitu chochote.

Nimemwomba mke wangu muda. Kanipa mpaka Ijumaa jioni, ila nisiguse waya. Tangu nilipounguza friji, mimi na waya tumepigwa marufuku kuonana. Haidhuru. Kuna taa zisizo na waya.

Jumanne, 5 Machi

Duka la taa za sola. Nimekaa humo mpaka muuzaji akaniletea kiti.

Ziko za mnyororo, za kutundika mitini. Ziko za kumulika ua kutokea chini. Ziko za kuchomeka ardhini, kandokando ya njia. Mke wangu alinisisitiza nichukue mwanga wa manjano, maana ule mweupe unawafanya watu waonekane wametoka kuumwa. Katika hilo nilimtii. Mengine niliachia boksi liamue. Lilikuwa na picha ya njia ya mawe, taa huku na huku, na mwanamke wa gauni refu anatembea hana haraka. Nikaitazama. Nikamwona Kitinda. Nikajiona mwenyewe mwisho wa njia, nimevaa koti.

Muuzaji alikuwa anaeleza mambo yake muda wote huo. Sijui kioo, sijui kitufe, sijui jicho. Niliitikia eeh, eeh. Mimi nilikuwa ndani ya boksi.

Jioni nimezichomeka zote kufuata njia. Nikavuta kiti, nikangoja. Giza likaingia. Hata moja haikuwaka! Mkaguzi akachungulia uzioni, akaniuliza kwa upole ni miche ya nini hiyo nimepanda.

Jumatano, 6 Machi

Kitinda ametoka kazini, kachomoa taa moja, kaigeuza, kabonyeza kitufe kidogo chini ya tumbo lake. Ikawaka. Halafu akabandua plastiki iliyofunika kile kioo cha juu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia nilikuwa namjaribu nione kama ana macho ya kifundi. Akasema ndiyo, baba.

Tukabonyeza zote. Zikawaka! Nikakaa kumwaza yule mwanamke wa gauni refu. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, zikafifia moja baada ya nyingine, zikafa.

Kitinda akanielekeza kidole juu. Mpera. Nimezipanga chini ya mpera, mahali ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu jua halifiki. Akanieleza taratibu kwamba taa hizi zinakula jua, nami nimezifungisha saumu.

Jumapili nitalitafakari hili. Wiki hii sina nafasi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda naanika taa. Jua likisogea, nami nasogea nazo. Mke wangu alitaka kamba ya nguo, nikamwomba aahirishe kufua, kivuli cha mashuka kitaninyima mwanga. Aliniangalia vile anavyoniangaliaga.

Lakini jioni! Nimezirudisha njiani, giza likaanza kushuka, zikawaka zenyewe bila kuguswa. Njano, laini. Majani yakaonekana mapya. Hata ndoo iliyotoboka pale bombani ilipendeza. Nikalala chali kwenye mkeka, nikasikia kama nyumba nzima imeinuka kidogo kutoka ardhini, na mimi nimeinuka nayo. Nikaanza kuimba.

Ghafla, zote zikazimika.

Mkaguzi alikuwa amewasha taa yake ya ukutani. Nikasema hii ni hila. Nikampigia muuzaji kumweleza nimeuziwa taa zenye woga. Akanijibu kwamba alinieleza Jumanne, tena mara mbili: taa hizi zina jicho. Zikiona mwanga mkubwa zinadhani kumekucha, zinalala.

Kwa hiyo Jumamosi lazima Mkaguzi azime taa yake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimwombe Mkaguzi? Mimi? Ukimwomba Mkaguzi kitu kimoja, atakisimulia mpaka apate wajukuu. Nimetumia akili.

Nimeegemea uzio asubuhi. Nimemjulia hali. Nimeulizia mgongo wake. Nimesifu nyasi zake, na Mungu anajua ilivyoniwia vigumu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka tu, nikamwambia: "Kesho jioni, jirani, unifikirie upande wa taa."

Akanitazama. Akaweka mkono kifuani.

"Usiseme zaidi, jirani. Nimekuelewa."

Ndivyo watu wazima wanavyozungumza. Mchana nilimwona amesimamisha ngazi ukutani kwake, ameshika bisibisi. Anailegeza aing'oe kesho, maskini! Moyo ulinilainika.

Giza lilipoanza kuingia nikamtoa mke wangu nje, mapema, kabla Mkaguzi hajawasha. Akasimama mlangoni akitazama njia yote mpaka getini. Akanishika kiwiko. Akasema, "Pazuri." Basi. Halafu akaingia ndani kumpigia Mkaguzi kumshukuru kwa uwanja wake, hatutauhitaji tena.

Jumamosi, 9 Machi

Wageni wamefika jua likiwa linazama. Baba mkwe mtarajiwa ni mtu mpole, mwenye miwani. Tumekaa uwani. Nimevaa koti. Kitinda alikuwa jikoni, atoke na chai taa zikishawaka. Nikaanza kuwaeleza wageni kwa sauti ya kujishusha kwamba kuna kajambo kadogo nimekaandaa.

Ukutani kwa Mkaguzi pakawaka. Si taa moja, ni mbili! Ile ya zamani, na mpya kubwa kuliko hiyo, imeelekezwa kwangu. Weupe mtupu. Baba mkwe akakinga macho kwa kiganja. Mama mkwe alionekana katoka kuumwa. Taa zangu zikalala usingizi wa pono.

Uzioni alisimama Mkaguzi, shati limepigwa pasi, ananipungia mkono. Amenifikiria.

Kitinda alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia. Hakutoka. Alinitazama. Niliona macho yale yale ya mtoto anayengoja wimbo uanze.

Nikainuka. Nikauvuka uwanja mbele ya wageni wote, mpaka uzioni. Nikasema, "Jirani, naomba uzime."

Akasema alidhani nataka mwanga. Nikamwambia hapana, nilitaka giza, ila niliona haya kusema. Kisha akaenda kuzima.

Giza likawa totoro. Mgeni mmoja akauliza kama umeme umekatika. Halafu taa ya getini ikafumbua jicho. Ikafuata ya pili, na zilizobaki zikaja zikifuatana mpaka jikoni, njano, laini, na Kitinda akatoka. Alitembea hana haraka. Nilikuwa nimesimama mwisho wa njia, na nadhani miguu yangu haikugusa chini.

Aliponifikia aliinama na sinia, akaninong'oneza:

"Baba, leo hukuimba."

Sikuweza. Ningefungua mdomo ningelia.

Mkaguzi tulimwita. Alikunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 10 Machi

Leo ni siku ya kutafakari. Wakwe wamependa. Kitinda ameamka anacheka peke yake. Mke wangu anasema nimejifunza kwamba mtu akitaka kitu aseme wazi. Nimemkubalia, nimejifunza sana.

Sasa hivi nikiandika haya, Mkaguzi yuko kwake anachomeka taa za sola. Mara mbili ya zangu! Nyingine zina umbo la nyota. Amezipanga kwa rula. Hakuniambia neno.

Vizuri. Taa zina jicho. Kesho nanunua balbu kubwa, niifunge ukutani kwangu, ielekee kwake. Waya nitaunganisha mwenyewe, mke wangu akienda sokoni. Na Mkaguzi akija kulalamika, nitaweka mkono kifuani nimwambie nilikuwa namfikiria.