Goti Langu na Pazia la Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena ukweni. Naandika sasa hivi kabla mke wangu hajawaandikia yeye, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnalijua goti langu la kulia. Baridi yabisi imelikamata tangu mvua zianze. Mimi ni askari wa geti huko Nakasero, na kazi ya geti ni kuinuka. Gari ikipiga honi, unainuka. Wiki hii bosi alipiga honi mpaka akachoka, akashuka, akafungua geti mwenyewe. Akaniambia kwa upole, "Mzee, Jumatatu kama goti bado, tutatafuta mtu mwingine." Upole ule ndio ulionitisha.

Dawa za soko la Owino nimezimaliza zote. Ile ya kopo jekundu ilinichoma ngozi, goti lenyewe halikuwa na habari.

Mke wangu Zaituni akasema, "Twende kwa mama." Mama yake, Hajati, anakaa Kibuli, na watu wanatoka mbali kuja kukandwa viungo naye. Wanaingia wakichechemea, wanatoka wakitembea. Shida ni kwamba mimi ni mkwe. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hata kupeana mkono hapana. Ukimgusa, wanasema unapata obuko: mikono inatetemeka mpaka unaingia kaburini. Mimi si Mganda, ni mtu wa Arua, lakini tangu nimwoe Zaituni sijakanyaga hata kivuli cha Hajati. Nikimwona njiani nageukia ukuta. (Watu wa Kibuli wanadhani nina tatizo la kibofu.)

Basi wakapanga hivi. Mimi niketi sebuleni. Hajati akae chumba cha pili, nyuma ya pazia, akisuka mkeka na jirani zake wawili. Yeye atasema, Zaituni atakanda. Nikavua suruali, nikajifunga leso ya mke wangu yenye maua. (Ndani nilivaa kaptura. Naomba hilo lijulikane mapema.)

Zaituni akaleta maji ya moto yenye chumvi na tangawizi, akachovya taulo.

"Weka juu ya goti," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Sasa finya."

"Nafinya, mama."

"Mbona mimi hapana sikia mtu nalia? Finya!"

Zaituni akafinya. Nikauma meno.

"Mkwe, nasikia namna gani?"

"Nasikia vizuri, Hajati," nikajibu. (Uongo mtupu.)

"Basi bado. Hiyo maji hapana moto. Chukua ile iko kwa sigiri."

Mke wangu akaenda kwenye sigiri, jiko la mkaa, akachukua yale yaliyokuwa bado yanatokota.

Weee! Taulo lile lilipotua, niliruka. Yaani mwili wote uliruka, isipokuwa goti, ambalo lilibaki limekunjwa vilevile. Nikaenda mbele. Nikashika kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa pazia. Pazia likaja na fimbo yake, nami nikaingia chumba cha pili bila hodi. Leso ikabaki kwenye kiti.

Nilitua juu ya mkeka, kichwa mapajani mwa Hajati, mikono yote miwili imemshika kiuno.

Jirani mmoja akapiga yowe: "Wuuwi! Banange, ameshika mama mkwe!"

"Toka," akasema Hajati, ameshajifunika uso kwa mtandio.

"Natoka, Hajati."

"Toka basi!"

"Siwezi. Goti limekwama."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Kuanguka ni ajali, kila mtu ataelewa. Lakini kuendelea kulala pale? Nilimwangalia Zaituni anisaidie. Alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka machozi, taulo bado mkononi.

Hajati akashusha pumzi. Akaondoa mtandio, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Obuko umeshapata," akasema. "Hapana pata mara mbili. Leta hiyo goti."

Akapandisha mikono ya gauni lake la gomesi, akalikamata. Bibi yule ana vidole kama koleo! Akapapasa, akasukuma pembeni, kitu kikalia ndani, nami nikamwita mama yangu mzazi kwa jina lake kamili. Kisha maumivu yakaanza kushuka. Yakashuka, yakashuka, mpaka nikatafuta yalipo nisiyaone. Nikalia, ndiyo, mbele ya wanawake wanne, kwa raha tu. Nilikuwa nimesahau mguu usiouma unakuwaje.

"Zaituni," Hajati akasema, "wewe nakanda mtu kama chapati." Akajifunika uso tena. "Na wewe mkwe, enda. Mimi sikuona wewe."

Nimeshuka mlima wa Kibuli kwa miguu, bila boda, na Jumatatu bosi akipiga honi atanikuta nimeshasimama. Ila tangu nifike nyumbani mkono wangu wa kulia unatetemeka. Zaituni anasema ni woga tu, utapita. Tafadhali msinicheke, na mkiona nimekosea herufi mahali, si mimi, ni obuko.