Krismasi Niliyowapiga Vita Buibui wa Lundo

Ijumaa, 20 Desemba

Mama katangaza! Katuita mimi na mke wangu Vitalia, akasema Boksingi dei, mbele ya kikundi chote cha ngoma ya mganda, atatoa lipenga la marehemu baba, lile baragumu lake la kibuyu. Atakayepewa ndiye atakayetangulia mbele ya safu kila Krismasi, kama baba alivyokuwa akitangulia. Nikamuuliza atampa nani. Akasema ataangalia. Ataangalia nini? Mimi Bartholomayo ndiye mkubwa! Mimi ndiye niliyebaki hapa Lundo na dagaa wa usipa na upepo wa ziwa. Mdogo wangu Rodrick yuko Mbinga mjini, anauza mbolea na kuvaa sweta.

Shida ni moja. Naiandika humu kwa sababu hakuna atakayesoma. Rodrick anapuliza vizuri kuliko mimi. Akipuliza yeye, wanawake wanaacha kutwanga. Nilipopuliza mimi mwaka jana, Mzee Erasmo, mkuu wa kikundi, aliuliza kama mbuzi wa nani kafungwa vibaya.

Rodrick anafika Jumapili.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimepata!

Lipenga ni kibuyu tu mpaka uzibe kile kitundu cha ubavuni kwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai yake ukutani. Pasipo huo hakuna mlio, unatoa pumzi kama mgonjwa. Na Rodrick kila mwaka anakuja na lipenga tupu, anabandua utando hapahapa kwetu, maana nyumba yake ya Mbinga ina dari na rangi na buibui hawana pa kukaa. Sasa asipokuta utando Lundo nzima, atapuliza nini?

Langu nimelibandika asubuhi, utando safi kabisa, nimelitundika juu ya kitanda. Halafu nikashika fagio. Nimepiga kuta za nyumba yangu zote, pembe kwa pembe. Vitalia kasimama mlangoni, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia Krismasi ni usafi. Akanishika paji la uso.

Jumapili, 22 Desemba

Mwisho wa ibada Padri kaomba watu wa kusafisha kanisa kabla ya tamasha la kwaya la Jumanne. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele! Nimepanda ngazi, nimefagia mpaka nyuma ya kengele. Utando uliokuwa mle ungetosha vikundi vya mganda vya wilaya nzima. Wote nimeuchoma.

Jioni kafika Rodrick na familia na gunia la viazi. Kanisalimia Shikamoo kaka, kainama, kanipokea ngazi begani. Ndiyo tabia yake, adabu nyingi mpaka unakosa pa kumchukia. Akaniuliza mwaka huu buibui wako wapi kwa wingi. Nikamwambia mvua imewamaliza. Akasema pole, kama mimi ndiye niliyefiwa.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku ngumu. Rodrick anazunguka anaangalia kuta za watu. Mimi natangulia na fagio. Akikata kwa nyuma, mimi napita kwenye mihogo. Mchana nimemwona anaelekea stoo ya Mzee Erasmo. Nimekimbia mpaka pumzi zimekata, nimewahi, nimefagia mwenye stoo akinitazama. Utando wa mwisho ulikuwa mbali na fagio, nikaufuta kwa kiwiko. Buibui mwenyewe kaingia ndani ya shati. Nimecheza mganda peke yangu mle stoo.

Jirani yetu Kunigunda kamwambia mumewe ajifunze kwa Bartholomayo. Huyo mume, Othmar, mpiga ngoma wa kikundi chetu, kanifuata na kunionya niache kuwaharibu wake za watu kwa usafi.

Pamebaki mahali pamoja tu: jiko la mama. Humo hakuna anayeruhusiwa kufagia, hata wakwe. Lipenga la baba linaning'inia juu ya mafiga humohumo.

Jumanne, 24 Desemba

Wote wamekwenda kwenye tamasha la kwaya. Mimi nikasema tumbo. Walipopotea tu njiani, nikaingia jikoni kwa mama.

Masizi! Nimefagia juu, nimefagia nyuma ya kichanja cha kuni. Halafu nikaona lipenga lenyewe lilivyochafuka, nikalihurumia, maana ni langu hilo, bado kutangazwa tu. Nikalifuta kwa kitambaa cha maji likang'aa. Kwenye kile kitundu cha ubavuni palikuwa na kitu cheusi, kikavu kama gamba la kitunguu. Nikakikwangua kwa ukucha.

Mara nasikia miguu! Nikajibanza nyuma ya kuni. Alikuwa Rodrick. Kasimama mlangoni, kavua kofia, kaliangalia lipenga la baba muda mrefu, kaondoka bila kugusa kitu. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaona kuni zinatikisika. Sijui alikuja kufanya nini.

Nimewahi wimbo wa mwisho tu. Nikakaa kando ya mama. Kauliza tumbo linaendeleaje. Nikasema afadhali. Akanitoa uzi wa buibui sikioni.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi njema! Ibadani Padri kanitaja kwa jina. Mchana ukoo wote umekula kwetu, samaki mbasa wa kuchoma, ugali wa muhogo, viazi vya Rodrick. Mama kafurahi, kasema mtoto wake wa kwanza amekuwa mtu mzima. Akasema na lile jambo la kesho ameshaamua, akanitazama mimi. Mimi! Nikaongeza kipande cha samaki.

Baada ya kula nikaenda chumbani kujaribu midomo kwa lipenga langu. Linanukia sabuni. Vitalia kaniambia, kwa fahari kabisa, kwamba ameniiga: kafagia chumba kizima na lipenga kaliosha. Utando hakuna. Nilitaka kufoka, nikajizuia. Si kitu, nikajiambia, kesho napuliza la baba, na la baba lina utando wake tayari, aliuweka mwenye...

Nikakaa kitandani.

Lile gamba jeusi.

Nimezunguka Lundo nzima mpaka jua linazama. Kanisani, stoo, vyoo vya watu. Kuta zinang'aa. Hata nyuma ya kengele nimepanda tena. Hakuna buibui! Kunigunda kanipita njiani, kanishukuru kwa usafi.

Alhamisi, 26 Desemba

Naandika yote yalivyokuwa.

Uwanja umejaa. Safu mbili, kaptula nyeupe, soksi nyeupe, ngoma kubwa mbele. Mama katoka na lipenga limefungwa kwenye kitenge. Akasema utando ulioko humu baba aliubandika kwa mkono wake mwenyewe Krismasi yake ya mwisho, na tangu hapo hajapuliza mtu. Ndiyo maana hakutaka fagio jikoni. Alikuwa anausubiri mdomo wa mwanawe mkubwa, asikie mara moja tu tena. Akaniita.

Nikapiga goti. Nikapokea. Nikapuliza.

Pumzi.

Nikapuliza tena. Pumzi tupu. Othmar akaacha ngoma. Mama akalichukua, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kitundu. Akauliza nani amelisafisha. Uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi. Lundo hii nani mwingine anafagia?

Mama hakunigombeza. Alikaa chini, palepale mchangani, na kitenge chake cha sikukuu. Afadhali angenichapa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Rodrick akatoa kiberiti mfukoni. Ndani mna utando. Alfajiri alikuwa amekwenda mpaka kijiji cha Kihagara kuutafuta. Akaubandika kwenye lipenga la baba kwa ulimbo, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema puliza wewe, kaka. Nikapuliza. Mzee Erasmo akauliza mbuzi wa nani. Mama akasema, kwa upole, mpe mdogo wako.

Rodrick akapuliza. Mama akasimama. Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Nimelia mbele za watu, wala sikujificha.

Ijumaa, 27 Desemba

Rodrick kaondoka asubuhi. Lipenga kaliacha kwa mama, kasema atakuwa anakuja kulipuliza. Shikamoo kaka kama kawaida.

Mama kanitumia mtu, nikafagie jiko lote, maana sasa hakuna tena cha kulinda. Nimefagia polepole. Machozi yalinitoka, nikasingizia masizi.

Nilipofika nyuma ya kichanja ndipo nikaona kosa langu lilipokuwa. Nilifagia! Mwenye akili hafukuzi buibui, anawamiliki. Mchana huu nimetoka Kihagara na buibui jike mnene, ana mayai. Nimemweka kwenye debe chini ya kitanda. Kufika Pasaka, utando wote wa Lundo utakuwa wangu, na Rodrick atanipigia magoti.

Vitalia nimemwambia ni mbegu. Hapa ninapoandika namsikia chumbani, anavuta debe, anaimba, anapiga fagio. Jamani, Vitalia!