Afisa wa Chumba cha Mbele

Ponsiano alishuka basi Korogwe na suti ya kaunda iliyonyooshwa vizuri, sanduku jepesi, na njaa. Ilikuwa miaka ile ambayo viongozi hawakukoma kuja kutazama vijiji vya ujamaa, na mtu aliyevaa kaunda hakuulizwa sana atokako. Karibu na stendi aliiona hoteli ya Bi Mwatumu, si ya wakubwa wala si ya makuli, vyumba vingi vitupu. Akatabasamu, akaingia.

"Shikamoo, mama. Natoka wizarani. Kuna wageni wa nje watakaotembelea vijiji vya Sindeni na Mashewa, nami nimetumwa kuwachagulia hoteli."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mwatumu, mjane mwenye sauti ya taratibu. "Basi kaa, utukague vizuri."

Akakagua kwa moyo wa kujitolea. Alikagua kuku wa nazi, akakagua pilau, akakagua godoro la chumba cha mbele mpaka jua likawa kali. Hakulipa hata senti, kwani serikali hailipii inachokikagua.

Siku zikapita. Wafanyabiashara wakawa wanaingia uani na mizigo, na kila aliyempita Ponsiano alimwinamia. Akaona kweli nchi hii imelelewa kwa adabu.

Asubuhi aliyofunga sanduku ili atoweke, Habakuki, muuza magodoro, alimkuta mlangoni.

"Mheshimiwa, magodoro yangu umeyapenda?"

"Magodoro yapi?"

"Yale ya sampuli. Mama alisema tukuletee kwanza bure, ukiridhika serikali itanunua kwetu. Mzee Mhina naye anaulizia mchele wake. Tuko wengi ukumbini."

Ponsiano akaenda jikoni mbio.

"Mama, unatumia jina langu."

"Lipi, hilo la afisa?" Bi Mwatumu aliendelea kukoroga mchuzi. "Nilikujua siku ile ile. Mhudumu wangu alikupelekea maji ya kuoga, ukamshukuru. Maafisa hawashukuru."

"Mbona hukunifukuza?"

"Nikufukuze, na ghala langu lilikuwa tupu? Sasa, ukitaka kuwaeleza wale wewe ni nani, nenda. Ukitaka mlango wa nyuma, uko wazi. Ila sanduku na hiyo kaunda utaniachia. Kuku uliowala walikuwa na mama zao, hawakuokotwa njiani."

Ponsiano alitokea nyuma akiwa na singlendi na msuli tu, akadandia lori la mahindi.

Alishukia Handeni, akawa mpakuzi wa magunia. Siku moja, kwenye kibanda cha chai, muuza chai alikuwa akiwasimulia wateja jinsi afisa bandia alivyomliza mjane wa Korogwe: kabeba magodoro, mchele, hata mbuzi.

"Peke yake?" aliuliza Ponsiano.

"Peke yake, ndugu yangu. Mama wa watu kalia mpaka wafanyabiashara wale wale wamemchangia."

Ponsiano akainamia kikombe chake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ukweli mtupu mdomoni, na hakuwa na wa kumwambia.