Posa ya Golikipa

Jumanne, 1 Julai 1997

Sikukuu ya Kanada. Hakuna kazi, hakuna posta. Binti yangu Épiphanie kaniita sebuleni kwa sauti ya mkutano. Wiki hii, akasema, kocha wa chuo kimoja cha Marekani, kule ng'ambo ya ziwa, atapiga simu. Anamtaka mjukuu wangu Darlène akawadakie mipira. Wakimchukua, wanamsomesha bure. Wasipomchukua, ni kiwanda cha kuku, kama shangazi yake. Papa, akasema, simu ikilia nami sipo, wewe andika namba tu. Na ile nyumba ya kutunzia wazee ya mtaa wa Agincourt ikipiga kuhusu kazi ya mchana niliyoomba, vivyo hivyo.

Kuandika namba. Mimi niliyekuwa mshenga wa nusu ya mji wetu wa Uvira.

Kwenye lifti nimemkuta Déogratias wa ghorofa ya juu. Kavaa jaketi la chuo cha mjukuu wake Destin. Julai hii. Jasho linamfika kwenye soksi. Akauliza kama na sisi tumeanza kutafuta chuo. Nikamwambia sisi hatutafuti, sisi hutafutwa.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefikiri. Jambo hili ni posa, tena posa wazi. Watu wa mbali wanakuja kuomba binti, wanaahidi kumtunza, wanaondoka naye. Na binti hatolewi siku ya kwanza. Akitolewa siku ya kwanza, huko aendako watamtumikisha kama punda.

Mchana simu ikalia. Mwanamke, jina lake Bianca, ndiye kocha. Kiingereza changu nilikiokota kiwandani, lakini kukataa najua. Akamwulizia Darlène. Nikajibu kama desturi inavyotaka: binti kama huyo hatuna humu ndani. Nikamlegezea kamba kidogo: labda yupo, lakini hajawa tayari, na wenzako wametangulia kubisha hodi. Akashukuru, akakata simu.

Kukata! Uvira wangekaa mpaka jioni, wakajidai wanaomba maji ya kunywa. Malezi ya siku hizi.

Namba sikuandika. Mwenye shida atarudi.

Jumamosi, 5 Julai

Mechi, uwanja wa Weston karibu na mto. Pembeni kaketi mwanamke mwenye kofia ya chuo, na sauti ni ileile ya kwenye simu. Bianca. Eti kaja kumtazama mshambuliaji wa timu ya Agincourt. Ujanja wa zamani huo. Hata mimi nimewahi kupeleka posa nikisingizia nanunua mbuzi.

Nikaketi kando yake, nikajitambulisha kuwa babu wa golikipa. Familia yenye heshima haimsifu binti yake mbele ya wageni, kwa hiyo nikamponda. Analala sana. Anakula kuliko wanaume wawili. Na magoti yake, nikasema nikitikisa kichwa, si ya kuaminiwa. Bianca kasikiliza kila neno. Nikajua kaiva.

Darlène kadaka penalti. Bianca akaniuliza tena habari za magoti.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa Déogratias, ndani ya jaketi, katangaza kuwa chuo kile sasa kinamtaka yule binti wa Agincourt. Pole mzee mwenzangu, akaniambia, kiwanda cha kuku nacho ni kazi.

Darlène hali chakula. Kaketi kando ya simu. Hata msalani anaivuta mpaka waya unakaza. Akaniuliza kama kuna mtu aliyepiga. Nikamwambia watu wa maana hawaharakishwi.

Jumanne, 8 Julai

Darlène kampigia kocha mwenyewe. Binti kuwapigia wachumba. Nimefunika uso kwa gazeti.

Kocha akamweleza: mzee mmoja alikana kuwa yupo, na mzee mwingine, au labda yuleyule, alisema ana magoti mabovu. Kawaida mjukuu wangu hunijibu kwa neno moja la Kiingereza. Leo kanipa Kiingereza chote alichonacho. Kisha akarudi kwenye simu kumweleza kocha babu yake ni mtu wa namna gani. Upande wa pili nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

Uamuzi: daktari ayapime magoti kwanza. Épiphanie kaniwekea ugali bila mboga.

Ijumaa, 11 Julai

Daktari kayagonga magoti, kayakunja, kayakunjua. Mazima. Kocha anamwalika Darlène na mama yake wakakitazame chuo. Nafasi ni yake, mradi asishuke darasani. Déogratias kaja kupongeza, bila jaketi. Épiphanie anasema tumeponea chupuchupu.

Ninawatazama tu. Walikataliwa, wamerudi, tena kupitia kwa daktari. Ushenga hausahauliki.

Jumatatu, 14 Julai

Wameenda kumnunulia Darlène glavu mpya. Simu ikalia. Nyumba ya wazee ya Agincourt, wanamtaka Épiphanie aanze wiki ijayo, kazi ya mchana.

Siku ya kwanza tu.

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikawaambia mwanamke kama huyo hatuna humu ndani.