Chaguo la Kwanza: Uvuvi

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Dada Esta, uliniagiza nisikufiche kitu kuhusu chuo. Basi nitaandika yote, hata ya aibu, na karatasi zikijaa nitampa mzee Machage wa basi la Bunda akuletee.

Leo Mwalimu Makongoro ametutangazia sisi wa kidato cha nne kwamba wiki ijayo tunajaza fomu za vyuo. Chaguo la kwanza ndilo litakaloangaliwa. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba chuo cha uuguzi hakijawahi kuchukua wasichana wawili wa shule yetu kwa mwaka mmoja.

Nafasi moja. Na unajua jinsi ninavyoutaka uuguzi.

Niligeuka nimtazame Pelagia, ninayekaa naye dawati moja. Alikuwa anakagua kucha zake. Zimekatwa fupi. Muuguzi hafugi kucha.

Jumanne, 5 Agosti

Pelagia amenikatia nusu ya mche wake wa sabuni. Sisi wengine tunafulia majani ya mpapai tangu Juni. Nilimuuliza kwa nini ananipa. Akasema kwa sababu sketi yangu inanuka na yeye ndiye anayekaa karibu nayo. Jibu la haraka mno. Hakuna anayegawa sabuni mwaka huu bila shabaha. Nimeipokea, lakini kwa tahadhari.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mbinu. Nimetangaza bwaloni, wakati wa maharage, kwamba nakwenda kusomea uvuvi. Nikisema uuguzi, adui atajihadhari. Nikisema uvuvi, hakuna atakayenifuata. Msichana gani wa ziwani atakwenda huko, wakati kwetu mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia, na akiruka wavu wanasema amewafungia samaki mlango?

Walicheka wote. Alfonsi wa darasa letu aliuliza kama sangara nitawafundisha kusoma au kuhesabu kwanza. Pelagia hakucheka. Aliniuliza, Dafroza, una hakika? Baadaye akauliza tena. Mtu anayeuliza mara mbili anapima kina.

Ijumaa, 8 Agosti. Kiriba

Nimepewa ruhusa kuja nyumbani kufuata unga. Uongo wangu ulifika kabla yangu. Baba mdogo Bernado alikuwa pwani anashona wavu wa baba, akaniita kwa sauti ya mkutano: jamani, pisheni, Bibi Samaki anapita. Akaniuliza kama serikali itanipa mtumbwi wa kupandwa na sketi. Nikamjibu kwa utulivu kuhusu elimu na maendeleo ya wanawake, kama tulivyofundishwa. Nilipomaliza hotuba niligeuka kwa heshima, nikachukua njia ya mkato, nikaruka wavu.



Bernado alitupa sindano yake mchangani. Akasema sisi hapa tunalalaga na njaa kwa makosa madogo kuliko hilo, na tangu abatizwe hajaona msomi asiyeona wavu mchana. Mama aliniita jikoni haraka.  Baba alipanda mtumbwi pamoja na Bernado, na wavu uleule, kwa sababu hana mwingine.

Nilihuzunika kidogo. Halafu nikaona faida. Wakirudi mikono mitupu, baba mwenyewe atanikataza uvuvi, nami nitaingia uuguzi kama mtoto mtiifu. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamerudi asubuhi. Mtumbwi ulikuwa umezama hadi midomoni. Sangara mmoja ilibidi wanaume wawili wambebe kwa kafi, na bado mkia wake uliburuzika.

Bernado anasema yeye siku zote alijua mambo ya wanawake na nyavu ni ushamba wa wazee. Akaniomba niruke tena. Watu wa mitumbwi mingine wakaleta nyavu zao, wakazitandaza. Niliruka mpaka magoti yakauma. Baba alisema Mungu amekwisha kuchagua, kilichobaki ni kuandika tu.

Hapo nilitaka kumwambia ukweli. Lakini mama yake Pelagia hununua samaki pwani hiyohiyo, na alikuwa amesimama pale na kapu lake, anatabasamu. Nani hutabasamu saa moja asubuhi? Nikafunga mdomo, nikaruka wavu mwingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba amekuja shuleni na koti lake la mtumba, na sangara ndani ya gunia nyuma ya baiskeli. Akamwambia Mwalimu Makongoro kwamba binti yake ana mkono wa samaki, tena mguu. Mwalimu alikataa zawadi, akaipeleka jikoni. Shule nzima ikala samaki badala ya maharage, na watu wakanipigia makofi. Sasa Alfonsi ananiita Bibi Samaki kwa adabu, jambo linalotisha zaidi. Mwalimu anasema hajawahi kupeleka msichana uvuvi na anajivunia.

Pelagia alikula kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, si samaki.

Jumanne, 12 Agosti

Fomu. Niliamua kuandika uuguzi haraka na kuigeuza karatasi. Lakini niliposhika kalamu niliona macho ya Pelagia yako juu ya mkono wangu. Ningeandika uuguzi, angeona, naye angeandika hivyohivyo, na alama zake za baiolojia unazijua. Kwa hiyo niliandika Uvuvi, kwa herufi kubwa, asome vizuri. Nilikusudia kwenda ofisini baadaye kuomba fomu nyingine.

Pelagia alisoma. Akashusha pumzi. Akaandika ya kwake akiwa ameikinga kwa kiwiko.

Nilipofika ofisini, mkuu wa shule alikuwa amekwisha kuondoka na fomu zote kwenda mkoani. Mwalimu Makongoro alidhani nimekuja kushukuru. Nikashukuru.

Jumatano, 13 Agosti

Pelagia amenivuta nyuma ya bweni, analia. Anasema ameutaka uuguzi tangu utotoni, lakini aliona ninavyowafunga vidonda watoto wa kidato cha kwanza, akajua nami nautaka, akaamua kuandika ualimu ili aniachie nafasi. Niliposema uvuvi hakuamini, ndiyo maana aliuliza mara mbili. Jana aliponiona ninaandika kwa mkono wangu, alimshukuru Mungu, akaandika uuguzi. Akanikumbatia. Akasema hajawahi kuwa na rafiki kama mimi.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Alikuwa anautaka.

Ila jambo moja limeninyima hamu ya kula. Alijuaje kwamba nami nautaka? Eti vidonda. Watu wengi hufunga vidonda. Mimi siri hiyo sikumwambia mama wala baba. Nilimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo anakaa Bunda, na Pelagia alipita Bunda likizo ya Juni.

Mzee Machage anarudi Ijumaa. Mpe jibu mkononi, bahasha iwe imebandikwa vizuri. Dada Esta, ulimwambia nini?