Bi Mahfudha na Vita vya Jina Lililo Jaladani

Enyi mlioketi barazani, wekeni vikombe chini mnisikilize, maana nitakayoyasimulia yalitendeka Mambrui hii hii, baada ya alasiri, na mashahidi wangali hai.

Alikuwako Bi Mahfudha binti Zaid, bingwa wa mahamri, mlinzi wa kitabu cha kale cha kusomea alichokitunza sandukuni miaka hamsini. Ng'ambo ya uchochoro alikuwako Bi Sahla, hasimu wake, aliyeapa kuwa kitabu kile ni chake, kilichukuliwa siku walipoacha shule. Kwa ajili ya kitabu hicho wanawake wale, waliokuwa mashoga wa kufa na kuzikana, hawakupelekeana sahani ya Idi tangu usichana. Miaka hamsini, jamani.

Siku hiyo Bi Mahfudha alikifunua kitabu amsomeshe mjukuu wake Mahira, wa gredi ya kwanza. Akanguruma hadi makuti yakatikisika: "Kaka analima, dada anapika." Mahira akaweka kidole ukurasani.

"Bibi, hapa pana ng'ombe. Kaka yuko ukurasa wa nyuma."

Ngome ikabomoka. Zama zao darasa zima liliimba kitabu kwa pamoja, naye Bi Mahfudha akakihifadhi chote kichwani, akidhani ndiko kusoma. Aibu ilimshika.

"Basi na lile jina la jaladani, nililoapa ni langu, sijapata kulisoma," akasema. "Nisomee, mama."

"La, bibi. Soma mwenyewe. Nitakuonyesha sauti ya kila herufi, nawe uziunganishe."

Ndipo jemadari akajifunga kibwebwe, akavaa miwani. "Mimi niliyezaa saba na kuzika mume, nishindwe na wino?" Herufi ya kwanza ilimzomea, akaikaba. Ya tatu ilimtoa jasho, akarudi nyuma, akaivamia upya.

"Sss... a... h. Sah." Akasogeza kidole. "La. Sahla."

Angaliweza kukirudisha sandukuni, na Mahira angalinyamazishwa kwa hamri moja. Lakini alivaa buibui, akajaza mahamri sahanini, akavuka uchochoro.

"Shoga, kitabu ni chako. Nimesoma mwenyewe, na roho imeniuma."

Bi Sahla alikipokea kichwa chini miguu juu, machozi yakimlenga. "Limeandikwa wapi jina langu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Mahfudha akamtazama, akaelewa. Akaketi naye mkekani, akakigeuza kitabu, akamshika kidole akakiweka juu ya herufi ya kwanza.

"Anza hapa," akasema. "Sss."

Basi na ihesabiwe katika tarikhi za Mambrui kuwa jina moja lilitekwa mara mbili siku hiyo, kabla ya magharibi, na mahamri yakapoa bila kuguswa.