Kikohozi cha Bwana Maendeleo

Milango ya watu wengine hufunguka na kufungwa. Mlango wa Bwana Maendeleo ulikuwa unakimbia!

Na ulikuwa mlango kwelikweli: wa mbao, rangi ya buluu, kitasa kinang'aa kama jino la dhahabu. Ubaya wake mmoja tu. Ulikuwa peke yake, na vyoo vya kijiji kizima vilikuwa vinausubiri.

Bwana Maendeleo ndiye aliyepewa kazi ya kupima kama kijiji kinayafikia yale malengo makubwa ya maendeleo endelevu ya dunia. Lengo la vyoo lilikuwa wazi: kila nyumba choo, kila choo mlango. Mbao zikaletwa, lori zima! Zikapitia nyumbani kwake kupumzika kidogo. Zilipoamka zikajikuta zimekuwa kabati, makochi, na kitanda kipana ambacho mtu akitaka kumwamsha mkewe sharti afunge safari.

Kwa wakubwa akapeleka taarifa: "Milango, asilimia mia!" Mia! Hata peponi huenda bado wanahangaika na bawaba.

Wakubwa wakafurahi. Wakasema Mkaguzi atakuja, na akiridhika, Bwana Maendeleo atahamia mjini, kwenye ofisi yenye kiti kinachozunguka. Jamaa akaanza kujizungusha hata akikaa kwenye kigoda.

"Mume wangu, hiyo milango utaitoa wapi?" mkewe akamuuliza.

"Mkaguzi ana macho mangapi?"

"Mawili."

"Na yote yanatazama upande mmoja. Mlango mmoja unamtosha!"

Akawaita shemeji zake wawili, vijana wenye miguu ya swala, na akili ya swala pia. Mlango utaegemezwa kwenye choo cha nyumba ya kwanza, wao wajibanze nyuma ya choo. Mkaguzi akishageuka, yeye atakohoa. Wakisikia tu, waunyakue, wakate kupitia kwenye mahindi, wauwahishe nyumba inayofuata.

"Tusichungulie kwanza, shemeji?"

"Msithubutu! Nyie ni masikio na miguu. Kichwa ni mimi."

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa mama mkavu, wa viatu vya buti na maneno machache.

"Mlango mzuri," akasema nyumba ya kwanza.

"Kawaida yetu, mama." Koho! Koho!

Nyumba ya pili. "Na huku pia buluu?"

"Tunapenda umoja, mama." Koho! Koho!

Nyumba ya tatu. "Mbona huu una jani la mhindi kwenye kitasa?"

"Pambo, mama!" Koho! Koho!

Wenye nyumba waliutazama mlango wao ukifika na kuondoka kama mgeni anayekataa hata maji.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mkwe wake. Bibi huyu aliomba mlango mpaka ulimi ukaota sugu, na kila mara mkwewe alimjibu, "Subiri, mama, maendeleo ni hatua kwa hatua." Basi akawa anaingia chooni na mwavuli, anaufungua mbele yake, anajisitiri hivyo hivyo.

Sasa huku Mkaguzi akiamkiana na bibi, tumbo la Bwana Maendeleo likaitisha mkutano wa dharura. Hofu tupu! Akanong'ona, "Nakuja sasa hivi," akachomoka mbio, akaingia choo kile kile, akauvuta mlango nyuma yake, akachuchumaa.

Aaah! Kumbe mlango ni mtamu hivi!

Utamu haukudumu. Akasikia buti zinakuja. Kop, kop, kop. Mkono unanyooshwa kwenye kitasa. Na mtu aliye chooni akisikia hatua za mtu, hufanya nini?

Hukohoa.

"Koho! Koho!"

Shemeji wakaibuka kama wamefyatuliwa, vichwa chini, wakaubeba mlango, haooo, wakazama kwenye mahindi! Mkono wa Mkaguzi ukashika hewa. Mbele yake, Bwana Maendeleo: suruali magotini, tai begani, macho kama ya chura aliyemulikwa tochi.



"Bwana Maendeleo," akasema Mkaguzi, "ule mlango unakwenda wapi?"

"Ni... ni maendeleo, mama. Yanasonga mbele."

Mkaguzi akampa mgongo. "Haya, endelea. Na milango mingine iko wapi?"

"Iko kwake," bibi akadakia, uso kaugeuzia ukutani kwa heshima. "Anailalia!"

"Basi leo ataiamsha. Kesho kila choo hapa kina mlango, na huyu mjini asahau."

Bibi akarudi kinyumenyume, akampitishia mkwewe mwavuli. "Shika mlango wako, baba. Una matundu, lakini hatua kwa hatua, mwanangu. Hatua kwa hatua!"

Bwana Maendeleo akaufungua, akajificha nyuma yake. Jicho moja likabaki kwenye tundu.

Na kutoka ng'ambo ya mahindi sauti zikapaa:

"Shemejiii! Huku tayari! Mbona hukohoi?"